Mlango wa Kipini na Maji ya Kirinyaga

Mto Chania upitao chini ya mji wa Nyeri, na Gura unaoshuka kwa kasi kutoka Nyandarua, na Ragati wa Karatina, na Thego, na Sagana wenyewe utokao mbavuni mwa Kirinyaga, yote hiyo mwisho wake ni mmoja, nao ni mlango wa mchanga na matope ulioko Kipini, katika ghuba ya Ungwana, mahali ambapo mashua yenye upepo mwema hufika kutoka Lamu kabla jua halijachwa. Mito ya upande wa pili wa mlima haikujaaliwa hivyo: maji ya Naro Moru na ya Nanyuki huingia Ewaso Nyiro, yakaelekea kaskazini, yakanywewa na jua na vinamasi vya Lorian kabla ya kuonja chumvi. Basi mtu wa Nyeri ana haki ya kudai nasaba na bahari ambayo jirani yake wa Nanyuki hana, na kama nasaba nyingine zote, hii nayo ina habari zake za tamaa, ugomvi na hasara.

Nakusudia kusimulia habari za mlango huo, na za vyombo vidogo vilivyoufikia maji yakiwa yamekupwa. Maana naamini kwamba lau ungalikuwa na kina, na lau mto juu yake usingalikatwa na maporomoko, miji yetu ya mlimani ingalianzishwa na watu wa mashua waliopanda na mkondo, wala si na watu wa misafara waliokuja kwa miguu, wakifuatwa baadaye na reli. Waandishi wengi wa habari za nchi hii huanza na Mombasa na kuufuata mstari wa chuma, wakapita wala wasigeuze kichwa kuutazama mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini, wenye masafa ya kilomita zipatazo 1,000, ambao kwa muda wa nusu karne wageni wengi waliudhania kuwa ndio ufunguo wa bara.

Kawaida ya bahari ya pwani yetu yajulikana. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika usiku na mchana wake, na kila siku huchelewa kwa muda wa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti baina ya maji makuu na maji makavu hupita mita 3 na yaweza kukaribia 4, na baina ya bamvua mbili huja maji mafu, yajaayo kwa uvivu na kupwa kwa uvivu. Nahodha wa Lamu alizihesabu siku hizo kwa mwezi wa Kiislamu, bila ya kitabu, akijua ya kuwa katika bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, ya usiku na ya alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Na hesabu hiyo ilimtosha kuingia Mombasa, Shela, Faza au Kilifi pasipo kumwuliza mtu.

Walakini mlangoni mwa Tana haikumtosha, kwa sababu hapo palikuwa na kalenda ya pili, nayo ilipangwa katika nchi ambayo nahodha yule hajapata kuiona wala hakutarajia kuiona. Mvua za masika zinaponyesha Nyeri, Murang'a na Embu katika miezi ya Aprili na Mei, mto hufura, ukachukua udongo mwekundu wa migongo ya Wakikuyu, na maji ya Thiba upande wa Kirinyaga, ya Mutonga upande wa Chuka na ya Kathita upande wa Meru yakaongezeka humo, hata baada ya siku nyingi gharika hiyo ikatokea Kipini. Na wakati huohuo pepo za kusi zimekwisha kushika, zikiivurumishia ghuba mawimbi ya bahari kuu pasipo kisiwa wala mwamba wa kuyavunja. Kwa hiyo mto ulipokuwa na maji ya kutosha kumpandisha mtu bara, bahari ilikuwa haimruhusu kuingia. Na ilipotulia bahari katika kaskazi, baina ya Januari na Machi, mto ulikuwa umekonda na mafungu ya mchanga yametoa migongo. Nafasi njema ilikuwa ni majuma machache ya matlai, kusi likiwa limekwisha na vuli ya mlimani imeanza, na kila mwenye shehena aliitaka nafasi hiyohiyo.

Tufikiri basi mashua iliyotoka Lamu na nguo na chumvi, ili irudi na mpunga, ndizi na pembe, nayo imeufikia mlango saa nne ya asubuhi katika siku ya bamvua, ambayo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Dalili ya kwanza haikuwa nchi, kwa maana pwani ya hapo ni tambarare, na vilima vyake vya mchanga havionekani mpaka mtu avikaribie. Dalili ilikuwa rangi ya maji, ambayo kutoka buluu hugeuka kijani, kisha kahawia, na katika miaka ya mvua kubwa hugeuka wekundu wa udongo wa shambani, ukaanza mbali sana na ufuo. Hapo nahodha huamuru tanga litushwe nusu, na baharia mmoja akasimama omo na upondo, akipima na kuita, huku mwenzake aliyeko tezi ameshika usukani akisikiliza sauti kuliko anavyotazama mbele. Pima tatu, pima mbili, pima moja na nusu: kisha upondo hushika matope, na mbele yao mawimbi yanaumuka kwa mstari mweupe toka upande mmoja wa mlango hata wa pili.

Ubaya wa saa hiyo si uchache wa maji peke yake. Maji ya bahari yanapokupwa, mkondo wake hufuata njia ileile ya mkondo wa mto, na mikondo miwili hiyo ikijumlika hutoka mlangoni kwa nguvu ambayo makasia manne hayaishindi, ikakutana na mawimbi yajayo kutoka nje, yakapanda juu na kuvunjika mahali pale pale ambapo maji ni haba. Chombo kikigusa chini hapo hukumbwa na mkondo kwa nyuma na wimbi kwa mbele, kikageuka upande, na kikishageuka upande hakina tena nahodha. Ndiyo maana mwenye akili alitia nanga nje, mbali na povu, akapika chakula chake, akaswali adhuhuri, akangoja mpaka maji yageuke na bahari yenyewe ianze kusukuma kuelekea ndani. Naye aliingia mnamo saa tisa au saa kumi, tanga limejaa na maji yamejaa, akapita juu ya fungu lile pasipo kuliona.

Aliyekuwa na haraka, au aliyedanganywa na bahari shwari, alipwelewa. Kupwelewa ndani ya mlango, nyuma ya povu, hakukuwa msiba, bali ni aibu na kazi. Mashua hukaa juu ya matope, na kabla haijalala ubavu mabaharia hurukia chini wakaitia magadi, vigogo vya mkoko vilivyochukuliwa kwa ajili hiyo, wakazama hata magotini. Kama magugu na matawi yaliyoletwa na mto yamenasa chini ya mkuku, huondolewa kwa mkono, na mtu mmoja huwekwa kuangalia mamba, maana maji ya chumvi hayamzuii mnyama huyo kushuka mpaka mlangoni. Shehena nzito hupunguzwa kwa mitumbwi ya Wapokomo, watu ambao kwao mto ndio njia, ghala na shamba, nao hawakuwa na sababu ya kupunguza bei yao, kwa kuwa walijua ya kuwa mwenye mashua hana wa kumwendea mwingine mpaka alasiri.

Kwa nchi ya namna hiyo mabaharia wa zamani walikuwa na chombo kilichofaa kuliko mashua yenye misumari, nacho ni mtepe, uliounganishwa mbao zake kwa kamba za nazi, pasipo chuma hata kidogo, ukavutwa na tanga la mkeka. Mtepe ulivuja, na ulihitaji mtu wa kufua maji usiku na mchana. Lakini ulipokaa juu ya fungu ulilegea na kunyumbuka kama kikapu, ukapokea pigo la wimbi pasipo kupasuka, hali ubavu wa misumari hutatarika. Ulitengenezwa na watu wa visiwa vya kaskazini mwa Lamu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa umekwisha kuadimika. Nionavyo mimi, wale waliousifu kwa uzee wake hawakuusifu inavyostahili, kwa maana haukuwa chombo cha watu wasiojua misumari. Ulikuwa chombo cha watu waliojua bandari zao.

Wala mlango huo haukuwa wa washamba. Magofu ya Ungwana, yenye msikiti wa jamaa na makaburi ya mawe, yaliyochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950, yanashuhudia mji uliositawi hapo kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa katika karne ya 17. Na masimulizi ya pwani humweka Fumo Liyongo, shujaa na mtunzi, katika nchi hii ya Ozi, ambako kaburi lake huonyeshwa wageni mpaka leo. Baadaye Kau, juu kidogo ya mto Ozi, ikawa bandari ya nchi ya Witu, ambayo Manabahani wa Pate waliifanya makao yao walipomkimbia Sayyid wa Unguja.

Zamani Tana haukutokea Kipini. Mlango wake wa asili ulikuwa kusini zaidi, penye fungu baya kuliko hili, na kwa hiyo vyombo vilipenda kuingia Ozi, mto mfupi wenye maji ya utulivu, ambako kutoka Kau shehena ilihamishiwa upande wa Tana. Katika karne ya 19 watu wa Witu waliikata nchi iliyo baina ya mito hiyo miwili kwa majembe, wakapata mfereji mwembamba wa kupitisha mitumbwi, ulioitwa Belezoni. Kumbe mto nao ulikuwa ukitafuta njia ya mkato. Gharika kwa gharika ukaupanua mfereji ule, hata kabla ya karne kwisha maji mengi ya Tana yalikuwa yamehamia Ozi na kutokea Kipini, na mlango wa zamani ukabaki kwa mchanga wake. Sijui kazi nyingine ya majembe katika pwani yetu iliyougeuza mto mkubwa kiasi hicho, na waliofanya hivyo walikusudia kuokoa safari ya mabega tu.

Palipo na njia pana ushuru, na palipo na ushuru pana wafalme. Witu ilikuwa chini ya himaya ya Wajerumani tangu 1885, kwa bidii ya ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Na mwaka 1889 sultani wake, Fumo Bakari, alipotaka kutoza ushuru penye mfereji wa Belezoni, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipiga kelele, ikidai kwamba njia ya Tana ni yake. Mwaka uliofuata, kwa mkataba wa Heligoland, Wajerumani waliiachilia Witu pasipo kumwuliza mwenyewe. Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa huko, na Oktoba 1890 Admirali Fremantle wa Uingereza akashusha jeshi lake Kipini, akaenda kuuchoma mji. Kampuni ikaupata mto.

Ni nini walichokitaka watu hawa wote huko juu? Walitaka mlima. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliuona Kirinyaga kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na wataalamu wa Ulaya wakacheka kusikia habari ya theluji chini ya mstari wa Ikweta. Mwaka 1851 alirudi ili aufikie mto wenyewe, akiwa na Kivoi, tajiri wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe ilijulikana mpaka pwani. Wakashambuliwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani, akaufikia Tana kwa kiu, akajaza maji katika mtutu wa bunduki yake kwa kukosa chombo kingine. Hayo ndiyo matumizi ya pekee ya Tana kwa uchukuzi ambayo mtu huyo alipata kuyafaidi. Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters alipita kandokando ya mto huohuo na bunduki, akaacha damu na uadui kila alikopita, wala sina haja ya kumzidishia maneno.

Jaribio la kweli la kuufanya Tana kuwa njia ya Kirinyaga lilifanywa mwaka 1891, na Kapteni F. G. Dundas, mwanamaji wa Uingereza aliyeajiriwa na Kampuni, akiwa na merikebu ndogo ya moshi iliyoitwa kwa jina la mlima wenyewe, Kenia. Gurudumu lake lilikuwa nyuma, na mkuku wake haukuzama sana, maana waliounda walikwisha kusikia habari za mafungu. Pamoja naye alikuwa C. W. Hobley, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa jimbo katika serikali ya kikoloni. Wakapita mlangoni, wakapanda mto uliojaa mizunguko kupita kiasi, wakikata kuni kandoni kila siku kwa ajili ya tanuri, wakikwama na kujinasua, hata wakafika Hameye, ambapo mawe na maporomoko hukata shauri. Kutoka hapo walikwenda kwa miguu hata miguuni mwa Kirinyaga, wakapanda kiasi upande wa kusini, wakarudi. Mwaka 1892 merikebu ile ilichukuliwa kwenda mto Juba, na tangu hapo hakuna aliyeipeleka nyingine mlimani.

Mtu aweza kusema kwamba maporomoko ndiyo yaliyolivunja shauri lile, wala si mlango; na ni kweli kwamba hakuna nahodha awezaye kupandisha chombo penye Grand Falls. Lakini biashara haihitaji chombo kifike mlangoni mwa mteja. Ilitosha kifike Hameye, na kutoka Hameye hata Meru si mbali kuliko ilivyokuwa kutoka Mombasa hata Taveta, ambako misafara ilikwenda kila mwaka. Kilichoiua njia ya Tana ni kwamba hakuna mwenye mali aliyekubali kuikabidhi kwa mlango ambao ungeweza kumweka nje kwa mwezi mzima wa kusi, hali Mombasa ilikuwa na bandari yenye kina ambayo huingiwa majira yote. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na hesabu ikafungwa.

Basi watu wa pwani walikuja Nyeri kwa mabega yao. Sir Halford Mackinder alipofika kileleni tarehe 13 Septemba 1899, pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, mizigo ya safari yake ilikuwa imechukuliwa hata mlimani na wapagazi, baadhi yao Waswahili, ambao majina yao hayasomwi juu ya kilele chochote. Boma la Mbirri, lililoitwa baadaye Fort Hall na sasa Murang'a, lilijengwa 1900. La Nyeri likafuata 1902, Embu 1906, Meru 1908. Na katika kila moja askari, makarani, wapishi na wachuuzi wa kutoka pwani walikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo, wakajenga msikiti na kuiita mitaa yao Mjini au Majengo, majina yaliyobaki. Waliokuwa wamezaliwa Lamu miongoni mwao walikunywa maji ya Chania na ya Mathioya pasipo kufahamu, nadhani, ya kuwa ndiyo yaliyowaweka baba zao nje ya mlango wa Kipini, wakingoja.

Maana udongo wa fungu lile ni wa kwetu. Kila mgongo uliolimwa pasipo matuta, kutoka Othaya hata Kangema, umetuma sehemu yake. Serikali ya kikoloni iliona hatari hiyo, ikaamuru matuta yachimbwe kwa lazima, na wanawake wa Murang'a wakakataa mwaka 1948 wakaandamana hata Fort Hall. Nami nasema walikuwa na haki katika kukataa kulazimishwa, na serikali ilikuwa na haki juu ya udongo, na haki hizi mbili hazikupata kuketi baraza moja. Kisha yakaja mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga peke yake lilijengwa liweze kushika maji mita za ujazo milioni 1,560, na tangu siku ya kwanza limekuwa likishika pia udongo wetu, ambao zamani ulikuwa ukienda pwani.

Mtu angedhani kwamba watu wa Kipini watashukuru. Lakini wakulima wa Ozi walikuwa na ustadi wao wa tangu zamani: bahari ilipojaa kwa bamvua, ilisukuma maji baridi ya mto yakarudi nyuma na kupanda, nao wakayaongoza kwa vifereji hata kwenye mpunga, pasipo pampu wala bwawa, wakayatoa tena maji yalipokupwa. Ustadi huo wataka mto wenye nguvu ya kutosha kuizuia chumvi isipande. Siku hizi mto hupungua, gharika za kurutubisha mashamba haziji kwa majira yake, na maji yapandayo na bamvua huja yamechanganyika na chumvi, yakaua mpunga na migomba. Na bado lipo shauri la miaka mingi la kujenga bwawa jingine, kubwa kuliko yote, karibu na Grand Falls, ambalo watu wa delta wamelipinga kila lilipotajwa.